Maganda ya marakuja na hofu ya kubadilisha pektini

Msimu wa marakuja huacha katika soko la Kadutu, hapa Bukavu, chungu za maganda ambazo mvua huziozesha upesi. Maganda hayo yana pektini, ileile inayogandisha jemu, na wazo la kuibadilisha ili ishikilie mafuta ndani ya vinywaji hupingwa kwa hoja mbili: kwamba kitu cha asili kikiguswa na kemia hupoteza uasili wake, na kwamba kazi yenyewe haitatulipa. Hoja ya pili ni nzito. Ya kwanza naona imetokana na kutoifahamu pektini.

Tazama kinywaji cha machungwa kisicho na kiunganishi kizuri, yaani kitu kinachoshikilia mafuta yasijitenge na maji: baada ya siku chache, mafuta ya ganda yaliyotiwa kwa ajili ya harufu hupanda na kufanya pete ya njano shingoni mwa chupa. Pektini ya machungwa peke yake huizuia pete hiyo kwa shida, kwa kuwa hupenda maji kuliko mafuta. Ile ya kiazi-sukari hufaulu zaidi, kwani imebeba protini nyingi na vikundi vya asetili, vipande vidogo vya kemikali vilivyoshikana nayo, ingawa asetili hiyohiyo huifanya ishindwe kugandisha jemu. Anayeikata kwa asidi minyororo mirefu ya molekuli inayounda pektini, au kuishonea mikia ya mafuta kama wanga ulivyoshonewa zamani na kupewa namba E1450 ya viungio vya chakula vya Ulaya, anatafuta sifa ambayo mmea mwingine tayari unayo. Isitoshe, parachichi gumu tunalolifunika nyumbani hulainika kwa sababu vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoharakisha kemia ya tunda, vinaikata pektini, nasi hulila bila hofu. Hata chungu ile ya Kadutu, inapooza, pektini yake inabadilishwa. Tofauti ni kwamba hakuna anayeongoza kazi hiyo wala kunufaika nayo. Tena gundi ya mgunga wa Sudani (gum arabic), ambayo viwanda vya vinywaji huitegemea kwa kazi hii, inatoka katika nchi iliyo vitani tangu Aprili 2023, na hilo linatosha kututafutisha njia nyingine.

Wapinzani wana haki, hata hivyo, wanaposema kwamba minyororo ikikatwa mno haitaweza tena kuyazuia matone ya mafuta yasiungane, na kwamba namba E440 inahusu pektini ya kawaida na ile yenye amidi (iliyotiwa amonia) tu, hivyo yenye mikia ya mafuta inahitaji kibali chake.

Kinachonisumbua zaidi ni moto. Pektini hutolewa kwa kuyachemsha maganda katika maji yenye asidi, kwa nyuzi 70 hadi 90, kisha huchujwa na kugandishwa kwa alkoholi; na ganda lisipochemshwa likiwa bichi, lazima likaushwe kwanza lisioze. Umeme wa mto Ruzizi ukikatika, moto wa Bukavu ni makaa ya miti, na makaa ni msitu. Kwa hiyo ningeanza na kukausha tu, kwa jua la kiangazi na chini ya paa la plastiki wakati wa mvua, kwa sababu ganda kavu hukaa miezi bila vimeng'enya vyake kuimaliza pektini, na linaweza kusafirishwa hadi penye mitambo.