Dawa ya kugandia tumboni ipimwe kwa maji ya kisima

Chungulia ndani ya birika la nyumba nyingi hapa Dodoma utaona ukoko mweupe uliogoma kutoka hata ukisugua kwa steeli waya. Ule ni kalsiamu kaboneti, iliyoletwa na maji. Kwa mtu anayetaka kutengeneza dawa ya kunywa inayoganda tumboni na kujiachia polepole, ukoko huo ndio wa kufikiriwa kwanza, na kwa maoni yangu ndio unaosahaulika kirahisi zaidi.

Dawa ya namna hii hunywewa ikiwa majimaji. Ikikutana na asidi ya tumbo inashikana, inakuwa jeli laini, inaelea juu ya chakula, na dawa iliyomo inatoka taratibu kwa saa kadhaa. Fomula ya kuanzia ni rahisi: maji yasiyo na madini, sodiamu sitreti asilimia 0.25, kalsiamu kloraidi asilimia 0.075. Pasha hadi nyuzi 60, kisha nyunyiza sodiamu aljineti, unga wa mwani unaofanya jeli, huku ukikoroga, hadi ifike asilimia 1 hadi 2. Ukiimwaga kwa pupa inafanya madonge yenye unga mkavu ndani, kama uji uliokorogwa vibaya, na madonge hayo hayaishi leo wala kesho. Mchanganyiko ukipoa chini ya nyuzi 40 ndipo dawa yenyewe inaingia.

Kazi ya sitreti ni kuikamata kalsiamu isiiguse aljineti ikiwa bado chupani. Asidi ya tumbo inaifanya sitreti iachie, kalsiamu inakuwa huru, na nyuzi za aljineti zinafungamana. Anayetaka jeli ielee anaongeza kalsiamu kaboneti, tuseme asilimia 1. Dozi ya mililita 10 inakuwa na miligramu 100, na asidi inazigeuza kuwa gesi ya takriban mililita 25. Mapovu hayo yakinaswa ndani ya jeli ndiyo yanayoibeba.

Sasa tupige hesabu. Tutumie milimoli, kipimo kinachohesabu chembe badala ya uzito. Sitreti ya asilimia 0.25 ni kama milimoli 8.5 kwa lita. Kalsiamu kloraidi ya asilimia 0.075, ile yenye maji ndani ya fuwele zake, inaleta milimoli 5.1. Nafasi iliyobaki ni milimoli 3.4. Weka mahali pa maji safi maji ya kisima yenye ugumu, yaani kalsiamu na magnesiamu iliyoyeyuka, wa miligramu 300 kwa lita, kwa kipimo cha kalsiamu kaboneti. Hayo yanaongeza milimoli 3 za kalsiamu na magnesiamu, na zote mbili zinagombania sitreti ile ile. Hapo umebakiwa na ukingo mwembamba mno. Maji yakiwa magumu zaidi ya hapo, aljineti inaanza kushikana chupani. Chupa inakuwa na uzi mzito chini na maji juu, kijiko cha kwanza kina dawa kidogo, cha mwisho kimezidi.

Utasema kiwandani wana maji yaliyosafishwa. Ni kweli. Lakini dawa kama amoksilini, ile antibiotiki, haikai majini muda mrefu. Inauzwa ikiwa unga, ikishachanganywa inadumu siku 7 hadi 14. Anayeongeza maji mpaka kwenye alama ya chupa ni mama nyumbani. Mji huu kwa miaka mingi umetegemea visima vya Makutupora, na vijiji vingi vya Chamwino, Bahi na Manyoni vina visima vyao, kila kimoja na chumvi yake. Tunamwambia mama achemshe maji kwanza, na ni sahihi kwa ajili ya vijidudu. Lakini kuchemsha kunaondoa ule ugumu unaotokana na baikaboneti tu, ndio unaobaki birikani. Kalsiamu iliyoshikana na kloraidi au salfeti haiondoki. Maji yakipungua kwa mvuke inazidi kukolea.

Kwa hiyo kwa dawa ya unga ya mazingira yetu, kalsiamu kloraidi iondolewe kabisa. Kalsiamu yote itoke kwenye kaboneti, ambayo haiyeyuki katika maji ya kawaida ila kwa kiasi kidogo sana, na inasubiri asidi. Sitreti yote inabaki huru kupambana na maji ya kisima. Kuongeza sitreti bila kikomo si suluhisho, kwa sababu ikizidi jeli inachelewa kujengeka tumboni na inatoka laini. Kuna gharama ya kuikubali: kaboneti inatuama chini, hivyo lazima itawanyike tena kwa kuipindua chupa mara kumi hivi. Isipotawanyika, fomula hiyo irudi mezani.

Neno kuhusu mlenda, kwa kuwa kila mwaka kuna kijana mwenye ari anayetaka kuugeuza kuwa dawa ya aina hii. Ari hiyo naiheshimu. Ila kuvutika ni tabia moja na kuganda ni nyingine. Ute unaovutika kwenye bakuli hauna lazima ya kushikana ukikutana na asidi. Unaweza kuzimuliwa na maji ya tumbo ukapita zake. Pima hilo siku ya kwanza, kabla ya kununua gunia sokoni Majengo. Mwani wa Zanzibar nao, ule mwekundu unaolimwa pwani, unatoa karajinani, kigandishi kingine. Aljineti hutoka kwenye mwani wa kahawia. Hizo ni kemia mbili tofauti.

Tumbo lenyewe lina masharti yake. Mtu asiyekula, kila baada ya dakika 90 hadi 120 tumbo lake hupiga wimbi kali linalofagia kila kilichobaki kwenda utumbo mdogo, jeli ikiwemo. Baada ya ugali wimbi hilo linasubiri kwa saa kadhaa. Dawa hii ni ya baada ya chakula, si kabla. Mgonjwa anayetumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, ana tatizo jingine: asidi imepungua, kaboneti haiyeyuki vya kutosha, jeli haijengeki. Hili linauma zaidi kwenye tiba ya Helicobacter pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, ambako amoksilini ya kukaa tumboni ingefaa sana, na omeprazoli huandikwa pamoja nayo. Anayelenga ugonjwa huo aoneshe jeli yake kwenye pH (kipimo cha asidi; namba ikishuka asidi ni kali zaidi) ya 4.5, si 1.2 pekee. Diklofenaki na jamii yake ya dawa za maumivu zisiingizwe humu kabisa. Hakuna sababu ya kuzikalisha juu ya ukuta wa tumbo zinaoujeruhi. Metformini, dawa ya kisukari, inafaa kwa mahali inapofyonzwa, juu ya utumbo mdogo, lakini inayeyuka majini upesi mno na sehemu kubwa inaweza kuvuja kabla jeli haijafunga.

Vipimo vya maabara navyo vidai zaidi. Kile cha kawaida kinatumia mililita 900 za asidi kwa nyuzi 37, kasia la kukorogea likizunguka mara 50 kwa dakika. Miligramu 100 za kaboneti zinakula mililita 20 za asidi ya nguvu ya moli 0.1 kwa lita, kwenye mililita 900 huoni kitu, kwenye tumbo lenye makumi machache ya mililita ni badiliko kubwa. Rudieni kipimo katika mililita 50 hadi 100.

Na msikimbilie sodiamu benzoeti kama kihifadhi. Inahitaji pH ya chini ya 4.5 hivi, na ukiishusha pH namna hiyo chupa itatoa gesi na kuganda rafuni. Tumieni methili parabeni asilimia 0.18 na propili parabeni asilimia 0.02. Kisha chukueni maji ya visima vitano, chemsheni kama mama anavyochemsha, changanyeni dawa, iacheni siku 14 kwenye nyuzi 30, na kila siku mpime kiasi cha dawa kwenye kijiko cha juu na cha chini.