Mshauri wa bustani ya jiji na mpaka usiofutika

Miji midogo ya California inapoomba ruzuku ya bustani za umma, wakazi huuliza: kwa nini tumlipe mshauri mwelekezi aendeshe mikutano tunayoweza kuiendesha wenyewe? Hoja ina uzito. Mtaa ndio unaojua watoto wanavukia wapi barabara na benchi lipi halikaliki kwa jua. Na wapo washauri wanaozunguka na mchoro uleule mji hadi mji, wakazi wakabaki kuchagua rangi ya bembea.

Ila mikutano ndiyo sehemu nyepesi. Ruzuku ya jimbo ya Statewide Park Program, iliyotokana na Proposition 68 ya mwaka 2018 (kura ya wananchi iliyoidhinisha fedha za bustani na maji), ilitaka walau mikutano 5, miwili kati yake jioni au mwisho wa wiki, wakazi wachague wenyewe nini kijengwe na kikae wapi. Wengi waliifanya, kisha ushahidi ukapotea: mahudhurio hayana tarehe, na karatasi ya vibandiko vya kura imekunjwa kabla ya kupigwa picha.

Panaponitia hofu zaidi ni ramani inayosainiwa kuonyesha mpaka wa ardhi iliyopewa ruzuku. Mfuko wa serikali kuu wa kuhifadhi ardhi na maji, LWCF (Land and Water Conservation Fund), kwa kawaida hulipa nusu ya gharama, na kifungu 6(f)(3) cha sheria yake huifunga ardhi kwa burudani ya nje daima. Mji ukitaka baadaye kujenga kituo cha zimamoto kwenye kona ya bustani, lazima upate idhini ya serikali kuu na utoe ardhi mbadala ya thamani isiyopungua, yenye manufaa yanayolingana. Kona ile ingeweza kuombewa kuachwa nje ya mpaka kabla ya kusaini. Mshauri mzuri hutafuta mapema yanayofaa kuachwa nje: upanuzi wa barabara uliopangwa, mabomba ya maji, mikataba ya upangaji. Ofisa wa jiji mwenye kazi nyingine 6 mezani huzungushia mstari kiwanja kizima na kusaini.

Basi mshauri aajiriwe, lakini kwa mkataba unaombana. Alipwe kwa kazi iliyokabidhiwa. Kanuni za ruzuku za serikali kuu, 2 CFR 200, zinakataza malipo ya asilimia ya gharama, na aliyeandika hadidu za rejea haruhusiwi kushindania zabuni hiyo. Kanuni hizohizo hudai kumbukumbu zitunzwe miaka 3 tu baada ya ripoti ya mwisho, ilhali mpaka ni wa daima, na hapo ndipo miji mingi hunaswa. Malipo ya mwisho yazuiwe hadi ramani iliyosainiwa iwe mikononi mwa karani wa jiji na nakala yake kwenye jalada la kiwanja.