Alikuwa apige goti tu

Bado sijamwelewa Mario Cristobal, kocha wa timu ya Chuo Kikuu cha Miami. Na kila nikimsimulia mtu wa nyumbani kisa chake, naulizwa, "Sasa hapo kosa liko wapi? Si alitaka kucheza mpira?" Basi ngoja nieleze, maana hapo ndipo tunapotofautiana mimi na jamaa zangu wa Dar.

Huu ni mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa helmeti, ngazi ya vyuo vikuu. Oktoba 7, 2023 Miami walikuwa kwao wakiwakaribisha Georgia Tech, chuo cha hapa Atlanta ninapoishi. Miami hawajafungwa msimu ule, wanaongoza 20-17, mpira wanao wao, zimebaki sekunde thelathini na kitu. Georgia Tech wameshamaliza nafasi zao zote za kusimamisha saa. Kanuni inawapa wenye mpira sekunde 40 kabla ya kuanza mchezo unaofuata. Hesabu ya darasa la pili hiyo: kwotabeki, yule anayeanzisha mashambulizi, anapokea mpira, anapiga goti, mchezo huo unaishia hapo, saa inakimbia yenyewe, watu wanapeana mikono. Kila timu hufanya hivyo. Hata wazee wanakumbuka Novemba 1978, timu ya kulipwa ya New York Giants ilipoacha kupiga goti, wakaamua kupeana mpira, ukaanguka, wapinzani wao Eagles wakauokota na kushinda 19-17.

Cristobal akaacha wakimbie nao. Mkimbiaji wake, Don Chaney Jr., akakabidhiwa, akajitosa kwenye msongamano, miguu bado inasukuma, mara mpira ukamchomoka na kulala kwenye nyasi kama hauna mwenyewe. Waamuzi wakaangalia video, wakasema ni halali, wa Georgia Tech huo. Sekunde 26. Wana yadi 74 mbele yao. Kwotabeki wao Haynes King akarusha pasi ya yadi 30, kisha nyingine ya yadi 44 kwa Christian Leary, ambaye mabeki walimwacha nyuma yao sijui walikuwa wanamlinda nani. 23-20, imebaki sekunde moja. Mzee mmoja niliyekuwa natazama naye, shabiki wa Georgia Tech wa miaka mingi, alikuwa ameshavaa koti na ameshatukana vya kutosha. Alibaki mlangoni, mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje, akiuliza watu kama ni marudio.

Kwetu kupoteza muda ni usanii, na kila mtu anajua ni usanii. Dakika ya 85 kipa anashika msuli, waokota mipira wanayeyuka, anayetolewa anatoka uwanjani akipungia jukwaa lote. Tukifanyiwa tunazomea, tukifanya sisi tunasema ni uzoefu. Saa anayo refa, na ubishi wa dakika za nyongeza haujawahi kuisha. Wenye soka lao wamechoka hadi wakaweka sheria mwaka 2025: kipa akishikilia mpira zaidi ya sekunde nane, ni kona. Huku saa iko ubaoni, wote tunaiona, na kuila ni haki yako kikanuni. Ndiyo maana jamaa zangu wakisikia "kupiga goti" wanaona woga, na Cristobal wanamwona mwanaume. Mimi naona kocha aliyeshindwa kusoma saa iliyo mbele ya macho yake.

Lakini kilichonifurahisha ni kesho yake. Mjadala niliousikia kazini, redioni, kila mahali, ulikuwa wa kocha. Mwenyewe alikiri kwamba walitakiwa kupiga goti, na kwamba ilimpasa aingilie kati aseme hivyo. Sasa mhamishie Chaney Kariakoo. Aangushe mpira sekunde ya mwisho timu yake ikiongoza. Angelala wapi? Kufika saa mbili usiku angekuwa ameshapewa jina: msaliti, anatuhujumu, kachukua hela za upande wa pili. Kocha angesema uwanja ulikuwa mbovu, viongozi wangeunda kamati, na swali la nani alitoa maelekezo yale lisingeulizwa na mtu.

Wabongo wenzangu wa huku wanapenda kumaliza mada kwa kusifu uvumilivu wa Wamarekani: kwetu kocha anafukuzwa kwa sare mbili, huku wanampa muda. Hapo nakataa. Mwaka 2018, akiwa kocha wa chuo cha Oregon, Cristobal huyuhuyu alikuwa anaongoza 31-28 dhidi ya Stanford, chini ya dakika moja imebaki, wakakimbia na mpira, mkimbiaji wake CJ Verdell akauangusha. Stanford wakasawazisha, wakashinda 38-31 muda wa ziada. Kocha mwenye historia hiyo akarudia kosa miaka mitano baadaye, na hakuna aliyeweza kumgusa, kwa sababu mkataba wake Miami uliripotiwa kuwa wa miaka 10 na dola milioni 80. Ukitaka kumwondoa, andaa pesa. Mkataba ule ndio uliomlinda, tusiuite uvumilivu.

Msimu wa 2024 alishinda mechi 10, hilo ni lake na nampa. Ila safari ya kuja Atlanta alilala tena, 28-23, kwotabeki wake Cam Ward akinyang'anywa mpira mwishoni. Mzee wangu wa koti safari hiyo hakusimama kabla ya filimbi.

Chaney hakuwepo. Alikuwa ameshahamia Louisville. Sisemi alifukuzwa, vijana wa vyuo siku hizi wanahama kila mwaka. Nasema tu kwamba kati ya watu wawili wa ile sekunde, mmoja alikuwa na dola milioni 80 na mmoja alikuwa mwanafunzi, na jamaa zangu wa Dar bado wananiambia mwenye kosa ni aliyeuangusha.