Rangi ya jiko ije mwisho, tuanze na maji na mafuta

Mtu akitaka kulifanyia jiko lake ukarabati swali lake la kwanza huwa ni rangi. Nipake kijani ya zeituni au krimu, makabati meupe bado yapo au yameshapitwa, afu kwenye simu ana picha kibao za majiko ambayo ukiyaangalia vizuri unaona kabisa humo hakuna aliyewahi kukaanga kitu. Mi msimamo wangu ni kwamba rangi ndo uamuzi wa mwisho, na sio kwamba haina maana, ina maana sana tu, ila ndo kitu pekee jikoni unachoweza kukibadilisha kwa ndoo na brashi wikiendi ukiwa na nafasi. Kaunta huibadilishi hivyo. Sakafu ndo kabisa, makabati yameshakaa juu yake.

Kwa hiyo anza na kaunta, maana ndo inayopigwa kuliko vyote, inamwagiwa, inakatiwa, inawekewa sufuria la moto na mtu mwenye haraka.

Marumaru ni nzuri, hakuna ubishi, ile mishipa ya kijivu ikipigwa na mwanga inavutia sana. Lakini marumaru asili yake ni chokaa, na chokaa na asidi haviwezi kukaa pamoja, ukimwaga limau au siki au hata mchuzi wa nyanya ukasahau, ukirudi unakuta kidoti kimepoteza mng'ao. Na kile sio doa, jiwe lenyewe ndo limeliwa, ndo maana unasugua na hakitoki. Kuna wanaosema wanapenda hivyo, jiwe linazeeka na nyumba, sawa, kama wewe ni wa aina hiyo nunua na usilalamike. Ila kama ni mtu wa kukimbia na kitambaa kila tone likidondoka, utajipa ulinzi usio na mshahara.

Graniti ni jamii nyingine kabisa, haina habari na limau, na sufuria la moto inalivumilia vizuri ingawa kuweka kitu chini yake bado ni akili. Shida yake ni vitundu vidogo vidogo, nyingine zinanyonya mafuta, kwa hiyo inapakwa dawa ya kuziba na baadae inarudiwa. Jaribu hivi: mwagia maji kidogo juu ya jiwe uyaache kama robo saa, jiwe likiweka giza pale yalipokaa basi linanyonya. Graniti nyeusi nzito mara nyingi hazinyonyi sana, zile nyeupe nyeupe ndo za kuangalia.

Kwatzi ya kiwandani, ambayo saa hivi kila mtu anaitaka, ni unga na chembe za jiwe zimeshikwa na rezini. Hainyonyi, haihitaji dawa, doa linafutika. Lakini ile rezini ni plastiki, na plastiki na moto unajua mwenyewe, ikizidi nyuzi 150 hivi inaanza kuharibika, na sufuria lililotoka kwenye mafuta yanayochemka linapita hapo vizuri tu. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawapendi kulianzisha, vumbi la kuikata limejaa silika, yaani yale madini ya kwenye mchanga, na likiingia kwenye mapafu ya fundi siku hadi siku linamletea silikosisi, ugonjwa ambao hauponi. Australia iliipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu hiyo hiyo. Mi sisemi usinunue, nasema ukimwona fundi anakata kavu bila maji na bila barakoa ya maana, mzuie, na usikubali akukatie sebuleni kwako watoto wakiwa ndani. Graniti nayo ina silika, kidogo kuliko hiyo, kwa hiyo sheria ni ile ile.

Mbao mi naipenda, ila mbali na sinki. Karibu na bomba inaweka weusi hata uipake mafuta vipi.

Makabati sasa. Watu wanaumiza kichwa na rangi ya milango wakati kitu kinachoua kabati ni maji kuingilia kwenye kingo. MDF ya kawaida, ule ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, na ubao wa chenga zikinywa maji zinavimba na hazirudi, huwezi kupiga msasa ukapona. Chini ya sinki weka plaiwudi nzuri au ubao uliotengenezwa kuvumilia unyevu, na angalia kingo zote zimezibwa, hata zile za nyuma na za chini ambazo huzioni, maana fundi mvivu anaziba za mbele tu. Miguu ya plastiki iliyonyanyua kabati kutoka sakafuni inaokoa mengi kuliko rangi yoyote. Bawaba usibane hela, mlango ukining'inia utachukia hata rangi uliyoililia.

Kwenye taili nina maneno mengi kidogo. Taili za posileni zinanyonya maji chini ya asilimia 0.5, kwa hiyo taili yenyewe haina tatizo, tatizo ni ile grauti, ujazo unaozibia mistari katikati ya taili. Grauti nyeupe ya simenti nyuma ya jiko inageuka njano, kwenye sakafu inageuka kijivu, na hutairudisha. Sasa watu wanachagua vitaili vidogo vidogo kwa sababu ya picha, bila kuhesabu kwamba kitaili kidogo maana yake mistari mingi, na kila mstari ni sehemu ya mafuta kujificha. Taili kubwa nyuma ya jiko, grauti ya epoksi, ile ya rezini badala ya simenti, kama bajeti inaruhusu, na kama hairuhusu basi grauti ya kijivu cha kati tangu siku ya kwanza, itakufichia. Sakafuni usiweke za kung'aa, tone la mafuta na maji ukanyage uone.

Haya, ndo tufike kwenye rangi. Nyeusi isiyong'aa kwenye milango ya makabati, mi naipinga waziwazi. Kila kidole kinaandika jina, na vumbi la unga linaonekana toka mlangoni. Watu wanadhani nyeupe ndo inachafuka, kumbe nyeupe inaonyesha uchafu na unafuta, nyeusi inaonyesha mpaka alama za kitambaa ulichofutia. Rangi za katikati, udongo, kijivu chenye joto, kijani iliyotulia, ndo zinasamehe. Ukitaka giza weka makabati ya chini tu, ya juu yaache mepesi, chumba hakitakuangukia kichwani.

Kuna stori moja naipenda. Mwaka 1926 Mwaustria anaitwa Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko dogo kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi kule Frankfurt, lina kama mita 1.9 kwa 3.4 tu, na makabati mengi yalipakwa bluu kwa sababu waliamini nzi hawapendi kutua kwenye bluu. Kama nzi walikubaliana nao ni mambo yao, ila mi navutiwa na namna walivyofikiri, rangi ilipewa kazi ya kufanya jikoni.

Na usichague rangi kabla hujajua balbu. Ile K kwenye boksi ni kipimo cha rangi ya mwanga: balbu ya 2700K inafanya kila kitu kiwe cha njano njano, ya 6500K inapeleka kwenye bluu, kijivu uliyoipenda dukani ikifika kwako inaweza kuwa zambarau hivi hivi. Mi jikoni napendelea 3000K mpaka 4000K, na taa za chini ya makabati ya juu, kwa sababu taa moja ya katikati inakupiga mgongoni na kivuli chako ndo kinakata vitunguu. Angalia na namba ya CRI, inayokwambia taa inaonyesha rangi za vitu kwa uhalisia kiasi gani, ikiwa 90 kwenda juu nyama inaonekana nyama.

Kakipande kale ka rangi ka dukani nako kasikudanganye, rangi ikijaa ukuta mzima inakuwa kali zaidi. Paka boksi kubwa, lisimamishe pembeni ya kipande cha kaunta na mlango wa kabati, litazame asubuhi, litazame usiku taa zikiwa zimewaka. Kile kipande cha kaunta kimwagie mafuta, limau na kahawa, ulale, ufute kesho yake. Ukiomba hicho kipande wakakunyima nenda kwa mwingine, karakana za mawe zina mabaki mpaka hawajui wayaweke wapi.