Chuma cha Mjerumani ndani ya nyumba ya Mngoni

Shangazi yangu anaishi Songea. Tangu alipoiona ile bunduki kwenye simu, hatumalizi salamu kabla hajauliza: "Baba, kile chuma bado unalala nacho nyumba moja?" Namjibu bado, shangazi. Ananyamaza kidogo, halafu anauliza habari za watoto.

Chuma chenyewe ni Mauser ya muundo wa 1871, bunduki ya risasi moja moja: unafungua komeo (kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), unaweka, unafunga, unapiga, unaanza upya. Ina uzito wa kilo 4 na nusu hivi. Ujerumani walipopata bunduki bora zaidi, hizi kuukuu wakawapa askari wao wa makoloni, na ndizo askari wengi wa Mjerumani walizobeba katika nchi yetu. Yangu ina mhuri wa taji na mwaka 1878. Kama iliwahi kufika Afrika sina ushahidi, na muuzaji aliyetaka kunihadithia kuhusu hilo nilimkatiza.

Niliinunua mnadani, huku Marekani. Nililipa, wakanifungia kwenye blanketi kuukuu, nikaondoka. Sikujaza fomu wala sikuulizwa nina akili timamu. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1968 inahesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa kitu cha kale, kwa hiyo haifuati utaratibu wa bunduki nyingine. Majimbo mengine yana masharti yao ya ziada, ninakoishi hakuna. Kwa kadi ya maktaba waliniomba vitambulisho viwili.

Nilifika nyumbani nikakaa kwenye gari muda mrefu, nikimkumbuka mzee mmoja wa kijijini kwetu aliyekuwa na gobore la kufukuzia nyani na nguruwe pori. Gobore lile lilikuwa na kibali, na kila mtu alijua kwamba lina kibali, kwa sababu alikihangaikia karibu mwaka mzima: barua ya kijiji, kamati ya ulinzi na usalama, polisi wilayani, alama za vidole. Akilitoa ndani, watoto tulijua. Akienda nalo shamba la jirani, mke wake alitangaza. Mwaka aliogombana na mdogo wake juu ya mpaka wa shamba, wazee walikwenda usiku kulichukua, wakakaa nalo mpaka mambo yalipopoa. Hakuna sheria iliyowaagiza. Bunduki kwetu ilikuwa ya mtu mmoja na macho ya kijiji kizima.

Huku simjui jirani yangu ana nini ndani, naye hajui nina nini. Wanaita hiyo haki, na sina ugomvi na neno lenyewe. Ila mtu akigombana na mdogo wake huku, hakuna wazee wa kwenda usiku.

Baada ya kusema hayo, niwape Wamarekani sifa yao. Mafundi wa vitu vya kale wa huku hawafichi ujuzi. Nilianza na bunduki iliyopakwa vanishi nene kama meza ya baa, na mtutu wenye kutu ndani. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa meli alinikataza jambo moja tu: msasa. Ukipiga msasa kwenye mti au chuma, unafuta mihuri, namba na kingo, na hakuna pesa itakayovirudisha. Akanionyesha kutoa vanishi taratibu, kisha kuinua mibonyeo ya mti kwa kitambaa kibichi na pasi ya nguo, mvuke ukaufanya mti wenyewe uumuke. Baada ya hapo mafuta ya kitani, matone machache, unasugua kwa kidole gumba hadi mkono uchoke, unaacha, unarudia. Nilifanya hivyo miezi miwili. Chini ya vanishi zikatokea namba, karibu kila kipande na yake, hadi skrubu. Namba ya komeo haikulingana na ya mtutu. Mkusanyaji wa kweli angesikitika; mimi nilifurahi kujua kwamba kuna mahali fundi mwingine aliyekuwa na haraka aliwahi kukaa nayo.

Risasi zake hazipatikani kwenye duka la kawaida, unajaza mwenyewe. Ganda la shaba likishapigwa si takataka: unatoa fataki iliyoungua (kile kidude kinachowasha baruti), unaliosha, unapachika fataki mpya, unamimina baruti nyeusi, kisha kipande cha kadi, kisha nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta, na juu kabisa risasi uliyoiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu, gramu 25. Kiswahili chetu kinayaita madini na kinachorushwa kwa jina moja, risasi, na nilipokuwa nakoroga ile sufuria ndipo nilipojua kwamba aliyelipatia neno hilo kazi mbili hakukosea. Makosa mawili ndiyo yanayoua. La kwanza ni kuacha nafasi tupu kati ya baruti na risasi. La pili ni kutia baruti ya kisasa isiyo na moshi kwa kipimo cha ile nyeusi. Chuma cha 1871 hakikufuliwa kwa msukumo huo, na komeo liko sentimita chache kutoka jichoni. Ukimaliza kupiga unaosha mtutu siku hiyohiyo kwa maji ya moto na sabuni, maana masizi ya baruti nyeusi yana chumvi inayovuta unyevu, na kutu haisubiri kesho.

Rafiki zangu wa nyumbani huniambia hayo ni mambo ya Wazungu wenye muda. Nawakumbusha Tanga. Aprili 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya ya Denmark, ilipenya hadi ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, imesheheni bunduki na risasi. Manowari ya Waingereza Hyacinth ikaishambulia. Mzigo mwingi ukaopolewa majini, lakini risasi zilikuwa zimeingia chumvi. Basi zikafunguliwa, baruti ikakaushwa, zikafungwa tena, nyingine zikapiga na nyingine zikagoma. Ni kazi ileile ninayoifanya kwenye stoo yangu Jumamosi, na sioni ilivyofanyika bila mikono ya watu wa pwani ile. Majina yao sijayakuta popote.

Mara ya kwanza kupiga, kilichonishtua ni moshi, kuliko mshindo. Wingu jeupe, zito, la harufu ya mayai viza, likasimama mbele yangu nisione shabaha. Ndiyo maana kwenye mapigano ya Tanga kati ya Wajerumani na Waingereza, Novemba 1914, askari wa Mjerumani wenye bunduki hizi kila walipopiga walijionyesha walipo. Lakini mimi sikuwaza Tanga. Niliwaza 1905, watu wa kwetu wamepewa maji na kuambiwa risasi itageuka maji, wamesimama upande wa pili wa wingu kama lile. Tulifundishwa Majimaji darasani: mwaka, sababu, matokeo. Tarehe 27 Februari 1906, mashujaa wakanyongwa Songea. Nilipata alama zote. Hakuna aliyeniambia kwamba bunduki ile ilipaswa kufunguliwa na kujazwa upya kila baada ya risasi moja, kwamba palikuwa na sekunde kadhaa katikati, na kwamba mtu angeweza kuzihesabu na kukimbilia mbele ndani yake. Sasa najua ni sekunde ngapi, kwa mkono wangu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza wapi wamepatia kuhusu bunduki, huku au nyumbani, jibu langu haliwapendezi wa huku wala wa nyumbani. Kibali nataka cha kwetu, pamoja na usumbufu wake wote. Meza ya fundi nataka ya huku. Nyumbani, fundi wa magobore anaifanya kazi yake gizani na mwisho wake ni mahakamani, na mwanafunzi huiona bunduki ya kale nyuma ya kioo tu, kama anaiona kabisa. Kata mtutu, toa komeo, fanya lolote ili isipige tena, lakini mtoto aibebe zile kilo 4 na nusu.

Nimeanza kuulizia kama ya kwangu inaweza kwenda Makumbusho ya Majimaji, Songea, siku moja. Karatasi zake ni nyingi, zaidi ya zile za yule mzee wa gobore, na sijalalamika. Shangazi nilimwambia wiki iliyopita. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika, kisha akasema sawa, ije, lakini ije bila komeo, na ije mchana.