Mbunge akisimama kuwasemea wazee, ataje fungu

Kila Bunge la Bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni pale Dodoma, hawakosekani wabunge wa kuwasemea wazee. Watasema wazee ndio waliolijenga taifa hili, watasema ni hazina, watasema tunaishi kwa dua zao. Meza hugongwa, kengele ya pili hulia, mchangiaji huunga mkono hoja na kuketi. Ukiifungua Hansard, taarifa rasmi ya mijadala ya Bunge, ya siku hiyo ukatafuta aliomba nini hasa, kiasi gani, kutoka fungu lipi la bajeti na kufikia lini, mara nyingi hutakuta kitu. Maneno yale ni ya heshima, na wazee wanastahili kuyasikia. Lakini heshima isiyotaja fungu la fedha wala kifungu cha sheria haimfikii bibi aliyeko kijijini Kishapu.

Jambo hili ni zito kuliko linavyochukuliwa, na uzito wake unatoka kwenye Katiba yenyewe. Ibara ya 11 inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Ibara hiyo imo katika Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza, na Ibara ya 7(2) imeshasema kwamba masharti ya sehemu hiyo hayawezi kutekelezwa kwa amri ya mahakama. Mzee aliyenyimwa msaada hana pa kwenda kushtaki kwa kuitegemea Ibara ya 11. Wenzetu Kenya waliamua vingine: Ibara ya 57 ya Katiba yao ya 2010, inayowahusu wazee, imo ndani ya sura ya haki, kwa hiyo inadaiwa kortini. Kwetu Tanzania Bara mlango wa mahakama umefungwa tangu mwanzo, umebaki wa Bunge. Ndiyo maana dakika chache za mbunge mmoja zina thamani kubwa, na inauma kuona zinapita kwa pongezi.

Kwanza mbunge ajue mzee anakaa wapi serikalini, maana hakai mahali pamoja. Kati ya 2015 na mwanzoni mwa 2022 neno "Wazee" lilikuwa kwenye jina la wizara, pamoja na Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia na Watoto. Wizara ilipogawanywa Januari 2022, neno hilo likatoka, na wazee wakaingia ndani ya "Makundi Maalum". Sera yao iko Fungu 53, Maendeleo ya Jamii. Maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri wako chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Matibabu ni Wizara ya Afya, Fungu 52, ila zahanati na vituo vya afya vinaendeshwa na halmashauri. Fedha za kaya maskini zinapitia TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ulio chini ya Ofisi ya Rais. Utamaduni ni Fungu 96. Mbunge akiuliza kuhusu pensheni kwa waziri ambaye mfuko hauko kwake, atajibiwa kwamba suala linaendelea kufanyiwa kazi na wadau wa sekta husika, na jibu hilo litakuwa la kweli. Kosa litakuwa la muulizaji.

Swali la msingi hujibiwa kwa karatasi iliyoandaliwa wizarani siku nyingi kabla. Nguvu iko kwenye maswali mawili ya nyongeza, na hapo ndipo wengi hupoteza nafasi. Mbunge hutanguliza shukrani, kisha anauliza: "Je, Serikali ina mpango gani wa kuwasaidia wazee?" Swali la "mpango gani" hujibiwa kwa mpango, na mipango haijawahi kukosekana. Aulize hivi: katika halmashauri yangu, kata ngapi hazina afisa ustawi wa jamii, na katika ikama (idadi ya watumishi iliyopangwa) ya mwaka huu wa fedha mmeomba wangapi? Hilo linadai namba. Waziri akiwa hana namba, atalazimika kuahidi kuileta kwa maandishi, na ahadi hiyo ikishaingia kwenye Hansard mbunge ana pa kuanzia kikao kijacho.

Silaha kubwa zaidi ni shilingi. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, kifungu chenye mshahara wa waziri kikisomwa, mbunge anaweza kudai ufafanuzi wa sera, na asiporidhika akatoa hoja ya kuondoa shilingi kwenye mshahara huo ili wenzake wajadili. Dakika pale ni chache mno, na muda ukiisha mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa mkupuo. Basi aje na jambo moja tu. Anayechanganya pensheni, makazi ya wazee na dawa katika pumzi moja humpa waziri nafasi ya kujibu lililo rahisi. Kosa la pili ni kuirudisha shilingi kwa sababu waziri ameahidi "kulifanyia kazi". Airudishe kwa tarehe au kwa kiasi cha fedha. Pasipo hivyo, bora hoja ipigiwe kura na ishindwe, kwa sababu angalau msimamo wa Serikali utakuwa umeandikwa.

Kuhusu pensheni, mbunge wa Bara ana mfano jirani kabisa. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii Aprili 2016: kila aliyefikisha miaka 70, awe alikuwa mtumishi, mvuvi au mkulima wa mwani, alipata shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka bajeti ya Serikali ya Mapinduzi. Baadaye kiasi kikapandishwa hadi 50,000. Hakuna kupima umaskini wa mtu, hakuna kamati ya mtaa ya kuamua nani fukara zaidi. Hilo ni la msingi, kwa sababu upimaji wa umaskini ndio unaozaa malalamiko mengi zaidi kuhusu ruzuku za kaya huku Bara: mzee mwenye nyumba ya bati iliyojengwa na mwanawe miaka ya nyuma huonekana anajiweza, hata kama mwana huyo alishafariki. Umri hauna ubishi wa namna hiyo. Ubishi wake ni cheti cha kuzaliwa, ambacho wazee wengi wa vijijini hawana, na hivyo mbunge anayedai pensheni adai palepale utaratibu wa kuthibitisha umri kwa kitambulisho cha taifa au kwa daftari la kijiji. Kenya nao wana Inua Jamii, shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi kwa waliofikisha miaka 70. Kilio kikubwa huko ni malipo kuchelewa kwa miezi, funzo kwamba tarehe ya kulipa inafaa iandikwe kwenye sheria yenyewe.

Na aje na hesabu, asingoje kuambiwa "itategemea upatikanaji wa fedha". Kila wazee 100,000 wakilipwa 20,000 kwa mwezi ni shilingi bilioni 2, yaani bilioni 24 kwa mwaka. Kwa 50,000 ni bilioni 60. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 wenye miaka 60 na zaidi. Kuwalipa wote kwa mkupuo ni mzigo mkubwa, ndiyo maana Zanzibar ilianza na 70. Mbunge anaweza kupendekeza kuanzia 75 na kushuka kila baada ya miaka miwili. Pendekezo la aina hiyo Kamati ya Bajeti inaweza kulikokotoa. "Tuwaonee huruma wazee wetu" haikokotoleki.

Matibabu bure ni eneo ambalo ahadi ipo na mfumo wenyewe unaikwamisha. Sera ya Afya ya 2007 inamsamehe gharama mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza. Vitambulisho vikatolewa, na madirisha ya wazee yakawekwa. Mzee anaonwa na mganga bila kulipa, kisha anaandikiwa dawa ya shinikizo la damu akanunue duka la nje. Sababu yake si roho mbaya ya wahudumu. Kituo kinajiendesha kwa sehemu kubwa kwa fedha za papo kwa papo na za bima, wakati mgonjwa wa msamaha hakirudishii kituo kitu chochote. Kadiri kinavyowahudumia wazee wengi ndivyo kabati la dawa linavyokauka. Kwa hiyo swali la "lini wazee watatibiwa bure" limepitwa na wakati. La kuuliza ni nani anailipa zahanati kwa kila mzee aliyesamehewa, na chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 mchango wa mzee asiye na uwezo utatoka chanzo kipi, lini, na kwa kitita kipi cha huduma. Kitita kikiacha dawa za sukari na presha, mzee atakuwa na kadi mpya yenye tatizo lilelile.

Tukija kwenye utamaduni, wachangiaji wengi huishia kwenye ngoma, matamasha na kanga. Wakati huohuo, utamaduni unapokutana na uzee katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kuna watu wanauawa. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, wakinyooshewa kidole kwa macho mekundu, ilhali macho hayo ni matokeo ya miaka mingi ya kupikia kuni na samadi ndani ya jiko lisilo na dirisha. Nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna mganga aliyepiga ramli chonganishi, na nyuma ya mganga kuna shamba. Mbunge anayetaka kulikamata hili alifuate kwenye mashina yake. Waganga husajiliwa chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, iliyo kwa Waziri wa Afya: aulize wangapi wamefutiwa usajili kwa ramli chonganishi katika mkoa wake. Jiko lisilotoa moshi ni suala la bajeti ya nishati.

Na shamba ni suala la mirathi, shina ambalo halijaguswa. Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, lililoandika sheria za kimila za urithi, linasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Mwaka 2006, katika shauri la wajane wawili, Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zinabagua, lakini haikuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba Tanzania imekiuka haki za wajane hao. Bibi asiye na haki ya kurithi, anayeishi juu ya ardhi ambayo ukoo unaitaka, ndiye anayeitwa mchawi kwa urahisi. Mbunge wa hapo ana njia mbili. Bungeni, ambane waziri mwenye dhamana ya sheria aseme lini tangazo hilo litarekebishwa. Nyumbani, akumbuke kwamba yeye ni mjumbe wa baraza la madiwani, na Sura ya 358 ya sheria za nchi, inayohusu matumizi ya sheria mahakamani, inaipa halmashauri uwezo wa kupendekeza marekebisho ya sheria ya kimila ya eneo lake ili waziri ayatolee amri. Njia hii ya pili haihitaji kumsubiri Spika.

Limebaki la sheria ya wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa 2003, na Bara ilivuka miaka 20 baada yake bila sheria, wakati Zanzibar ilipitisha yake mwaka 2020. Itifaki ya Umoja wa Afrika ya haki za wazee, iliyopitishwa Addis Ababa Januari 2016, ilianza kutumika Novemba 2024. Mbunge anaweza kuleta muswada binafsi, ila Ibara ya 99 ya Katiba inazuia Bunge kushughulikia muswada unaotoza kodi au kugusa Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa Rais amependekeza na pendekezo lake limewasilishwa bungeni na waziri. Akiingiza pensheni katika muswada wake, utakufa mezani. Autenge. Muswada wake ubebe yasiyodai fedha mpya za Hazina: umri wa kuitwa mzee, hadhi ya kisheria ya mabaraza ya wazee kuanzia kijiji, ambayo sasa yanasimama kwa miongozo tu, ujumbe wa mzee kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kosa la kumtelekeza mzazi na adhabu yake, na wajibu wa mtendaji wa kijiji kutoa taarifa polisi mara mzee anapotishiwa kwa tuhuma za uchawi. Pensheni aidai sambamba kwa shilingi ya waziri, na fungu la wazee katika asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo leo imegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, alidai pale marekebisho ya sheria ya fedha za serikali za mitaa yatakapoletwa.