Kura Siku Moja, Makabidhiano Miezi

Watanzania tulifuatilia uongozi wa Shirika la Afya Duniani (WHO) Kanda ya Afrika kama matokeo ya mpira: nani kapita, kwa kura ngapi. Dk. Faustine Ndugulile, mbunge wa Kigamboni, alichaguliwa kuwa mkurugenzi wa kanda hiyo Brazzaville, yaliko makao yake, Agosti 2024, akafariki dunia Novemba 27 kabla hajakabidhiwa ofisi. Mei 18, 2025 nchi wanachama zikapiga kura upya Geneva, Profesa Mohamed Janabi akapata kura 32 kati ya 46. Shangwe zilikuwa halali. Lakini Janabi aliingia ofisini mwishoni mwa Juni, na miezi mitano hivi kabla ya hapo kanda yenye nchi 47 iliendeshwa na kaimu. Hicho ndicho kipindi cha kujadili, na naona tumekiruka.

Utaratibu wenyewe ndio uliozaa pengo. Katiba ya WHO, Kifungu cha 52, inasema mkuu wa ofisi ya kanda huteuliwa na Bodi ya Utendaji kwa kukubaliana na Kamati ya Kanda, yaani kikao cha nchi wanachama wake. Kwa hiyo Kamati humpendekeza mtu kwa kura ya siri, kwa kawaida Agosti, kisha Bodi humteua inapokaa mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Muda ni miaka 5, na unaweza kuongezwa mara moja. Katika miezi hiyo ya katikati mshindi hana ofisi wala saini, na hakuna naibu aliyepitishwa pamoja naye. Likitokea la kutokea, kila kitu kinarudi mwanzo: barua kwa nchi, majina, wagombea kujieleza, kura, Bodi. Dk. Matshidiso Moeti wa Botswana alikuwa amemaliza miaka yake 10, hivyo akaletwa Dk. Chikwe Ihekweazu, Mnigeria, akaimu.

Na milipuko haikusubiri. Januari 20, 2025 Rais Samia alitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg mkoani Kagera, mkuu wa WHO, Dk. Tedros, akiwa pembeni yake. Siku kumi baadaye Uganda ikatangaza Ebola aina ya Sudan. Siku nne tu baada ya tangazo hilo, jaribio la chanjo lililopewa jina la Tokomeza lilikuwa limeanza Kampala. Sehemu kubwa ya mapambano hayo ilifanyika bila mkurugenzi kamili, na siyo ajabu: kazi ya dharura ina miongozo iliyoandikwa, madaraja ya dharura yanayojulikana, na watu wanaojua nani anampigia nani. Wanaodhani kanda ilisimama hawajatazama vizuri.

Kinachodorora chini ya kaimu ni kile kisichopigiwa king'ora. Kaimu yeyote mwenye busara haanzi kuhamisha wawakilishi wa nchi, hafungi vitengo, hasaini mpango wa miaka mitano ambao mwingine ataujibia. Ihekweazu mwenyewe, kabla mrithi hajafika, alitangazwa kuongoza kitengo cha dharura makao makuu, Geneva. Wakati huohuo Marekani ilikuwa imetangaza kujitoa WHO, na bajeti ya 2026–2027 ikashushwa kutoka pendekezo la dola bilioni 5.3 hadi bilioni 4.2. Mkutano Mkuu wa WHO ulioipitisha ulifunguliwa kesho yake baada ya kura ya Janabi. Alirithi panga ambalo hakulinoa.

Sasa, hati ya makabidhiano, ile anayoachiwa mkurugenzi anayeingia. Nyingi huandikwa kama ripoti ya mafanikio, na hapo ndipo zinapoharibika. Ukurasa wa kwanza unapaswa kuwa wa fedha, na siyo jumla yake. Sehemu kubwa ya fedha za WHO ni michango ya hiari iliyofungwa kwa ugonjwa, nchi na tarehe. Mkurugenzi mpya akiambiwa "zipo milioni kadhaa" hajaambiwa kitu. Anahitaji safuwima nne: mfadhili, kazi iliyotajwa kwenye mkataba, tarehe ya mwisho, na mishahara mingapi inategemea fungu hilo. Mfano ni polio. Kwa miaka mingi fedha za polio zimelipa watu wanaofuatilia pia surua na kipindupindu vijijini. Ukipunguza fungu hilo kwa hesabu ya Brazzaville, wilayani anayepotea ni yule aliyekuwa akipokea taarifa za magonjwa yote.

Baada ya fedha, ikama, yaani hali ya watumishi: ofisi zipi za nchi hazina mwakilishi, nani mkataba wake unaisha ndani ya miezi sita, nani amekaimu hadi amesahaulika.

Halafu mipaka. Somalia na Sudan hazimo Kanda ya Afrika. Zinahudumiwa na ofisi nyingine ya kanda ya WHO, ile ya Cairo. Kipindupindu kikivuka kutoka Sudan kwenda Sudan Kusini, au polio ikiruka mpaka wa Mandera, kinavuka pia kati ya wakurugenzi wawili. Majina na simu za wenzao wa Cairo, na za Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa kule Addis Ababa, ziwemo kwenye hati, pamoja na makubaliano ya mdomo ambayo hayakuandikwa popote. Hayo ya mdomo ndiyo huondoka na bosi.

Wapo wanaopendekeza mshindi wa pili arithi nafasi iwapo wa kwanza hayupo. Sikubaliani. Kura hupigwa kwa raundi, na aliyebaki wa pili mara nyingi ndiye ambaye kambi iliyoshinda ilikuwa ikimkwepa. Afadhali Bodi ipitishe naibu anayejulikana, mwenye madaraka yaliyoandikwa juu ya bajeti na ajira, na mteule wa Agosti apewe dawati Brazzaville kuanzia Septemba: akae kwenye vikao vya bajeti bila saini, na asome hati hiyo huku aliyeiandika bado yupo jengoni wa kuulizwa.